Majaaliwa na Hiari katika Oedipus Mfalme

Ni desturi kuisoma Oedipus Mfalme, tanzia ya Sophocles ya karne ya 5 K.K., kama kisa cha binadamu aliyefungwa mikono na miungu. Msomaji wa Kiswahili, aliyeipata kwa jina la Mfalme Edipode katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1971, huona wepesi wa kuihitimisha kwa methali: ajali haina kinga. Usomaji huu una hoja. Katika Saba Dhidi ya Thebes (467 K.K.), Aeschylus anasimulia kwamba Laius alipewa onyo lenye sharti: afe bila mtoto, mji uokoke. Sophocles ameliondoa sharti hilo. Kwake, Laius aambiwa tu kwamba atauawa na mwanawe.

Hata hivyo, muundo wa tamthilia unaukana usomaji huo. Matendo yaliyotabiriwa, yaani kumwua baba na kumwoa mama, yamekwisha kutendeka miaka mingi kabla ya onyesho la kwanza. Kinachotendeka jukwaani ni upelelezi, na upelelezi huo ni wa hiari. Creon anaporejea kutoka Delphi, yuko tayari kuutoa ujumbe faraghani. Oedipus anaamuru usemwe mbele ya umma. Baadaye anasihiwa mara tatu aache kuuliza: na Tiresias, na Jocasta, na mwishowe na mchungaji mzee. Mara zote tatu anakataa. Hakuna mungu anayemsukuma. Anasukumwa na wajibu wake kwa mji unaoangamia kwa tauni, na kiu yake ya kujua asili yake.

Yaweza kupingwa kwamba hata upofu wake ulitabiriwa na Tiresias. Lakini kutabiri si kusababisha, kama alivyosisitiza E. R. Dodds mwaka 1966. Mtumishi anayeleta habari kutoka ndani ya jumba anayaita maafa hayo kuwa ya kujitakia. Oedipus naye anaitambua tofauti hiyo: mateso yanatoka kwa Apollo, ila mkono uliyatoboa macho ni wake mwenyewe.

Ushahidi zaidi umo katika Oedipus huko Colonus, iliyoonyeshwa mwaka 401 K.K., baada ya kifo cha mwandishi. Humo mzee huyo anakana hatia ya mauaji na ndoa, kwa kuwa alitenda bila kujua. Kuhusu kujiadhibu, anasema kwamba hasira yake ilipita kiasi cha makosa. Mtu hawezi kuijutia hasira hiyo kama yake ikiwa haikuwa yake.

Kwa hiyo wanakosea kwa namna moja wale wanaomwona kama kikaragosi cha miungu na wale wanaoitumia dhana ya Aristotle ya hamartia kumtafutia dhambi inayostahili adhabu. Pande zote mbili zinamtazama Oedipus wa njia panda, ambaye hayumo jukwaani. Aliyemo ni mtu anayeweza kunyamaza akabaki mfalme, naye anachagua kujua. Sophocles hakumpa uhuru wa kuyaepuka majaaliwa; alimpa uhuru wa kuyatamka kwa kinywa chake. Tanzia inayofundishwa bila uhuru huo hubaki kuwa taarifa ya ajali.