Lamu Iko Bahari Gani?

Mwaka 2008 Kariuki Njenga na wenzake walichapisha makala ya kisayansi ambayo kichwa chake, nikikitia Kiswahili, kinasema hivi: kufuatilia virusi vya mlipuko wa chikungunya kuingia Bahari ya Hindi kutoka Afrika Mashariki. Nilikisoma mara mbili. Kuingia Bahari ya Hindi? Virusi wanavyovizungumzia vilipatikana Mombasa na Lamu, mwaka 2004. Sasa Lamu iko bahari gani? Kisiwa kizima kimezungukwa na maji hayo hayo, na ukitoka Mokowe huna njia ya kufika mjini ila kwa boti.

Utaniambia ni kichwa cha makala tu, niache kugombana na maneno. Lakini maneno ndiyo ninayosoma, na hapa maneno yanafanya kazi. Kwa watafiti wa ugonjwa huu, "Bahari ya Hindi" ni Comoro, Réunion, Mauritius na Shelisheli, yaani mahali ambapo mlipuko wa 2005 na 2006 ulipiga kelele ukasikika hadi Ulaya. Lamu ni kabla ya hapo. Ni bandari ya kuondokea. Katika hadithi hii msafiri mkuu ni virusi, na sisi ni gati alilosimama akisubiri chombo.

Kazi yenyewe ni nzuri, nisieleweke vibaya. Kulikuwa na dhana kwamba pengine virusi vipya kabisa vimezuka visiwani huko, na Njenga na wenzake wakalinganisha jeni za virusi vya Kenya vya 2004 na vile vya Comoro vya 2005, wakaonyesha kwamba mlipuko ulianzia Pwani ya Kenya. Kama hadithi ya upelelezi, imekamilika. Shida ya hadithi za upelelezi ni kwamba aliyekufa ukurasa wa kwanza huwa harudi tena.

Makala ninayopenda zaidi ni ya Sergon na wenzake, yaliyotoka mwaka huo huo wa 2008. Hayana mbwembwe. Oktoba 2004, mlipuko ukiwa umeshapita kilele chake katikati ya mwaka, timu ilipima damu ya wakazi 288 wa kisiwa cha Lamu. Asilimia 75 walikuwa na dalili katika damu kwamba virusi vimewapitia. Wakapiga hesabu: katika watu kama 18,000, ni takriban 13,500.

Hebu ikae kidogo hiyo namba. Robo tatu ya mji. Ukipita Usita wa Mui asubuhi ukakutana na watu wanne, mwenye duka, mwenye punda, mama anayekwenda sokoni, ustadhi anayetoka msikitini, watatu kati yao walikuwa wameumwa au wameambukizwa ndani ya miezi michache. Nani alikuwa akimpikia nani? Nani alipandisha tanga? Chikungunya haiui sana, ndiyo maana haiogopwi ofisini. Inachofanya ni kukukunja. Homa kali ya siku chache, kisha vifundo vya mikono, magoti na vifundo vya miguu vinauma mpaka mtu anashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Katika mji ambao kila kitu hubebwa na mkono, bega au punda, ugonjwa wa viungo si jambo dogo la "homa tu."

Sergon huyo huyo na wenzake walikuwa wamefanya kipimo kama hicho Ngazija mwaka 2005 na kupata asilimia 63, zaidi ya watu laki mbili. Ukiyasoma makala hayo mawili pamoja unaanza kuiona bahari kama tunavyoijua sisi, ya watu wanaokwenda na kurudi, wanaooana na kuzikana pande zote mbili. Makala yenyewe hayasemi hivyo. Ila ukikaa Pwani huwezi kuyasoma vingine.

Halafu kuna ya tatu, fupi kabisa, ya Jean-Paul Chretien na wenzake, 2007. Hoja yao ni kwamba mlipuko ulitanguliwa na hali ya joto na ukame usio wa kawaida. Mtu wa bara anashangaa: mbu na ukame wapi na wapi? Lakini mbu wa ugonjwa huu, Aedes aegypti, hahitaji bwawa. Anataka maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba. Mvua isiponyesha watu huweka akiba, na akiba isipobadilishwa haraka inakuwa kitalu cha viluwiluwi. Hoja ni kali na inaaminika. Kinachonikera ni pale wanapoandika "vyombo vya maji vya nyumbani" na kupita, kama mtu anayepita sebuleni bila kuvua viatu.

Kwa sababu Lamu ina fasihi nzima ya maji. Nyumba za mawe za zamani zilijengwa na birika chooni, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo kazi yao kula viluwiluwi. Chini ya birika lilipachikwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kuishi. Usam Ghaidan aliandika juu ya nyumba hizi miaka ya sabini na wasomi wa usanifu huzitaja kama pambo, ustaarabu wa waungwana. Pambo! Hiyo ni afya ya umma, imejengwa kwa chokaa. Na visiwa vya juu, Ndau, Kiwayu, sehemu za Pate, watu wanategemea majabia ya kuvuna mvua, ambayo yana mambo yake mengine kabisa. Mji wenyewe unakunywa maji ya visima vya Shela, yaliyochujwa na matuta ya mchanga. Leo nyumba nyingi zina mapipa ya plastiki na mitungi ya lita ishirini, na sijui ni samaki gani atakubali kuishi kwenye mtungi wa plastiki wenye shingo nyembamba.

Sisemi samaki wangeuzuia mlipuko wa 2004. Wala nyumba za mawe hazikuwa za kila mtu. Waliokaa vibanda vya makuti hawakuwa na bakuli la kaure kokote. Ninachosema ni kwamba mtafiti aliyegundua kuwa siri iko katika maji ya akiba, alikuwa na mji ambao kwa karne kadhaa ulishafikiria juu ya maji ya akiba, akauacha nje ya makala yake. Kurasa ni chache, najua. Lakini swali la nyumba ipi ilikuwa na chombo gani ni swali la kisayansi, si la watalii.

Na sasa jina. Utasoma mahali pengi kwamba "chikungunya" ni neno la Kiswahili. Si letu. Ni la Wamakonde. Ugonjwa ulielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 uwanda wa Makonde, Newala, kusini mwa Tanganyika, na waandishi wake Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walisema wazi mwaka 1955 kwamba neno limetoka kwa wenyeji hao: kile kinachokunja. Wamakonde walilitoa bure, Kiswahili kikapewa sifa. Kuna watu watafurahi, mimi naona ni wizi mdogo.

Uzuri, au ubaya, ni kwamba wizi ulikuwa umeshafanyika upande wa pili pia. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, aliandika juu ya ugonjwa ambao watu waliuita kidinga pepo, na wazee walikumbuka kwamba uliwahi kupita mwaka 1823. Miaka ya 1827 na 1828 ugonjwa wa namna hiyo ukatokea visiwa vya Karibea, na huko jina likageuka mpaka likawa dengue, likaonekana la Kihispania. Mwaka 1971 Donald Carey alizisoma upya maelezo hayo ya zamani akauliza: viungo vinavyouma kwa muda mrefu hivi, si chikungunya hii? Scott Halstead, mmoja wa wakubwa wa utafiti wa dengi, aliunga mkono hoja hiyo mwaka 2015. Yaani inawezekana kabisa kwamba jina "dengue" lilikuwa la ugonjwa wetu wa kukunjwa, likatoka Pwani, likavaa nguo za kigeni, likabandikwa ugonjwa mwingine. Kwenye kamusi zetu kidingapopo sasa ni dengi. Pepo amegeuka popo, na mwenye jina amebaki bila jina.

Kwa hiyo yule daktari wa 1870 alikuwa na kitu ambacho makala ya 2008 hayana: aliuliza wagonjwa wanauitaje, na wazee wanakumbuka nini. Maelezo yake yamejaa kiburi cha wakati wake. Bado alisikiliza.

Tuje Réunion, kwa sababu ndipo linaponiuma. Mlipuko wa 2005 na 2006 uliwapata watu wapatao 266,000, zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Huko virusi vilibadilika kidogo sana, aminoasidi moja tu katika protini ya ganda lake, na badiliko hilo likavisaidia kukaa vizuri ndani ya mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, anayevumilia baridi. Mwaka 2007 virusi vya ukoo huo vikafika kijijini Italia, Castiglione di Cervia, na dunia ikashtuka. Virusi vya Lamu vya 2004 havikuwa na badiliko hilo. Ndiyo maana makala mengi yakishafika Réunion hayageuki nyuma. Hadithi imepata mhusika mkuu mpya.

Lakini Réunion ni mkoa wa Ufaransa, na Ufaransa iliwafuatilia watu wake. Patrick Gérardin na wenzake waliwapigia watu simu, wastani wa miaka miwili baada ya kuugua, katika utafiti ulioitwa TELECHIK. Waliowahi kuambukizwa, asilimia 43 walisema bado wana maumivu ya viungo na misuli. Wasioambukizwa, asilimia 17. Kisha ukaja utafiti wa CHIMERE, uliotoka 2014, juu ya watoto walioambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa. Watoto 33 walilinganishwa na 135 ambao hawakuambukizwa, wakiwa na umri wa kama miaka miwili. Asilimia 51 ya wale wa kwanza walikuwa nyuma katika ukuaji wa akili, lugha na mwendo, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Mtoto haambukizwi kwa sababu mama aliwahi kuumwa miezi iliyopita. Hatari iko katika siku zile chache ambazo mama anajifungua huku virusi vimejaa damuni.

Rudi sasa Lamu na ile robo tatu. Mji ambao watu 13,500 waliambukizwa ndani ya miezi, hauwezi kukosa wanawake waliojifungua katika siku hizo. Watoto hao walitimiza miaka 21 mwaka 2025. Siwezi, na hakuna anayeweza, kumnyooshea kidole kijana yeyote aliyechelewa kusema au aliyeitwa mzito darasani na kusema ni chikungunya. Takwimu haifanyi kazi hivyo. Ila swali lilistahili kuulizwa pale lilipoanzia, na utafiti wa Lamu ulikuwa wa kupiga picha mara moja, si wa kufuatilia. Simlaumu Sergon. Alikwenda na sindano na muda mfupi, akaleta namba ambayo mpaka leo kila mtu anainukuu. Virusi vilikuwa ni vile vile. Dola ndiyo tofauti.

Na havijaondoka. Watafiti wa Kilifi wameonyesha miaka hii ya karibuni kwamba chikungunya inaendelea kuwapata watoto wa Pwani wenye homa, na Mombasa ililipukiwa tena mwisho wa 2017 kuingia 2018. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, nchi ambayo wanaoihitaji zaidi ni wasafiri, watu kama wale wanaoshuka uwanja wa Manda na mabegi ya magurudumu. Agosti 2025 leseni yake ikasimamishwa huko huko kwa sababu ya madhara makubwa yaliyoripotiwa. Mjadala wote ulikuwa ni kama inamfaa mtalii mzee. Ni mjadala halali, na Réunion ambayo mwaka 2025 ilipigwa tena vibaya ilikuwa na sababu ya kuufuata kwa makini. Nimeusoma nikingoja mtu aitaje Lamu walau kama anwani.

Utafiti wa Gérardin ulifanywa kwa simu. Kuuliza kwenyewe hakukuhitaji maabara. Maswali yake ni ya kawaida, na kwa Kiamu yangekuwa ya kawaida zaidi: asubuhi vidole vinachukua muda gani kufunguka, kazi gani uliiacha kwa sababu ya magoti, mwaka ule wa homa maji ulikuwa ukiyaweka wapi, na kama ulijifungua, ilikuwa mwezi gani.