Kadi ya 1967 Ambayo Haikuchapishwa

Nolan Ryan, kijana aliyekulia Alvin, Texas, alirusha mpira kwa mara ya kwanza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani tarehe 11 Septemba 1966, akiichezea New York Mets. Alikuwa na miaka 19. Mwaka uliofuata kampuni ya Topps ilitoa kadi zake za wachezaji, naye hakuwemo. Mwaka 1968 ndipo akatokea, tena kwa nusu kadi: sura yake na ya mrushaji mwenzake wa Mets, Jerry Koosman, zimebanwa pamoja ndani ya ukingo wenye sura ya gunia. Alistaafu baada ya misimu 27, akiwa amewatoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu, na hadi leo hakuna mrushaji aliyemfikia. Kwa wapenzi wa kadi, pengo lile la 1967 halikusahaulika. Wapo wanaoliziba kwa kuitengeneza kadi hiyo kwa mikono yao wenyewe, na mimi nawastahi mno.

Muundo wa Topps wa 1967 ni mgumu kuuiga kwa sababu ni mtupu. Picha imetanda karibu kadi nzima, jina la timu liko chini kwa herufi kubwa, ukingo ni mweupe na mwembamba. Picha ikiwa mbovu, hakuna pambo la kuisitiri. Anatafutwa Ryan yule mbichi, mwenye kofia ya Mets. Picha zake za baadaye akiwa na timu ya Houston, za mtu mzima aliyekwisha kujua thamani yake, hazifai hata ziwe nzuri vipi. Kisha rangi za kompyuta, ambazo hung'aa kupita kiasi, zifubazwe mpaka zifanane na wino wa zama zile. Karatasi za pande mbili zigandishwe kwenye kadibodi, zikatwe kwa wembe: milimita 64 kwa 89. Mkono ukiteleza kidogo tu, kazi inaanza upya.

Ila ufundi wenyewe nauona nyuma ya kadi, kwenye takwimu. Mwaka 1966, katika ligi ndogo akiwa Greenville, Ryan alishinda mechi 17 na kupoteza 2, akawatoa wapigaji 272. Akiwa Mets alirusha duru tatu tu, akaruhusu wastani wa alama 15.00 kwa kila duru tisa. Aibu tupu! Fundi mzuri huiandika hivyo hivyo, bila kuipunguza. Anajua kuhusu mechi saba za baadaye ambazo wapinzani wa Ryan hawakupata hata pigo moja halali, lakini hazitaji, kwa kuwa mwaka 1967 hakuna aliyezijua. Anaandika kama karani wa wakati ule: kijana ana kasi ya kutisha, mpira bado haumtii, huenda akajaribiwa tena.

Mwisho, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, huweka mwaka halisi alioitengeneza kadi, asije mtu akauziwa kama ya Topps.