Penye Wengi Pana Mengi: Uhakiki wa Uhuishaji wa Umati kwa Kurejelea Soko la Kibaigwa

Sehemu hii inahakiki namna kompyuta inavyotumika kuhuisha umati wa wahusika katika filamu. Hoja kuu ni kwamba mbinu iliyozoeleka hujenga wingi wa miili, lakini huacha nje mahusiano yanayoufanya wingi huo uwe umati wa watu.

Msingi wa mbinu hiyo uliwekwa na Craig Reynolds mwaka 1987. Aliigiza kundi la ndege kwa kumpa kila ndege kanuni tatu: asigongane na jirani, afuate mwelekeo na kasi ya walio karibu naye, na asijitenge na kundi. Mwendo wa kundi zima huzaliwa na kanuni hizo bila kiongozi. Mwaka 1994, katika The Lion King, kampuni ya Disney ilitumia kompyuta kuonesha mamia ya nyumbu wakitimka bondeni bila kugongana. Tukio hilo la takribani dakika mbili na nusu lilichukua zaidi ya miaka miwili kukamilika.

Tukio limefaulu kisanaa, na kufaulu kwake ndiko kunakofichua mpaka wa mbinu. Nyumbu wameshtushwa na fisi kwa hila ya Scar. Hofu imefuta kila uhusiano. Kila mmoja anahitaji tu kumkwepa mwenzake. Mufasa na Simba, ambao uhusiano wao ni kiini cha hadithi, walichorwa kwa mkono. Wenye nafsi walipewa mkono wa msanii. Wasio nayo wakapewa kanuni.

Mbinu hiyo ikihamishiwa Kibaigwa, soko la mahindi wilayani Kongwa kando ya barabara ya Dodoma–Morogoro, inakwama. Mpagazi mwenye gunia begani hupishwa kwa kuwa mzigo wake una haki ya njia. Dalali huacha mkondo wa watu akamfuata mnunuzi mmoja. Mkulima husimama kimya kando ya mizani, na kusimama kwake ni tendo: analinda jasho la msimu mzima. Kwa kanuni tatu, mkulima huyu ni kizuizi tu.

Programu ya Massive, iliyobuniwa na Stephen Regelous kwa ajili ya filamu za The Lord of the Rings, ilipiga hatua. Kila mhusika huwatambua walio karibu naye, kisha huchagua tendo. Hata hivyo, umati ule ulikuwa wa vita, na vitani jibu kuu ni pigo. Soko hudai pia kupatana bei, kungoja, kushuku na kuoneana haya.

Wahenga walinena kuwa penye wengi pana mengi. Msanii wa Kitanzania atakayeazima zana hizi bila kuzihoji atawaonesha watu wa Kibaigwa kama nyumbu wanaokwepana. Inampasa kwanza aulize nani anamdai nani, ndipo aandike kanuni za mwendo.