Ramani ya hatari iliyotangulia homa ya Bonde la Ufa

Septemba 2006, watafiti wa NASA, akiwemo Assaf Anyamba, waliona bahari ikipata joto kupita kawaida katika sehemu mbili kwa wakati mmoja: Pasifiki ya kati na magharibi mwa Bahari ya Hindi. Hali hiyo huleta vuli ya mafuriko Afrika Mashariki, na mafuriko ndiyo huamsha homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo na binadamu.

Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa vibonde, na baadhi ya mayai huwa na virusi tayari. Mayai hayo hustahimili ukame kwa miaka. Kibonde kikituamisha maji, mayai huanguliwa, mbu huuma mifugo, kisha mbu wengine, hasa Culex, hueneza virusi kundini. Binadamu wengi huambukizwa wanapochinja au kuzalisha mnyama mgonjwa.

Setilaiti haimwoni mbu. Hupima mwanga unaoakisiwa na mimea: jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi ya karibu, na tofauti hiyo ndiyo kipimo cha ukijani. Watafiti walilinganisha ukijani wa kila eneo na wastani wake wa miaka mingi. Ukizidi wastani kwa miezi mitatu mfululizo, udongo umeshiba maji na eneo linaingia kwenye ramani ya hatari. Misitu na majangwa viliondolewa kwanza, la sivyo ramani ingejaa kengele za uongo.

Novemba, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likatoa tahadhari. Disemba, wagonjwa wa kwanza wakathibitishwa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Utabiri ulitangulia kwa wiki mbili hadi sita, lakini hadi katikati ya 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa Kenya na zaidi ya 100 Tanzania, ambako Dodoma iliumia sana.

Kwa maoni yangu, hesabu za setilaiti hazina lawama hapa. Wiki hizo zilikuwa chache mno kwa kazi iliyohitajika. Chanjo ya mifugo lazima itolewe kabla ya mbu kuzagaa: mlipuko ukishaanza, sindano moja ikitumika kwa ng'ombe wengi huweza kusambaza virusi vilevile, na chanjo hai ya zamani, Smithburn, huharibu mimba. Kuagiza dozi, kutafuta magari na kuwafikia wafugaji barabara zikiwa chini ya maji ni kazi ya miezi.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mahojiano yaliyofanywa baadaye kaskazini mashariki mwa Kenya yalionyesha kwamba wafugaji Wasomali walikuwa wameona kila hatua: mvua isiyo ya kawaida, makundi ya mbu, mbuzi na kondoo wakitupa mimba. Kati ya mifugo kuugua na watu kuugua zilipita kama wiki mbili na nusu. Taarifa hiyo ilikuwa kwenye maboma ya wafugaji, ikiwa sahihi kuliko ramani yoyote, na hapakuwa na njia ya haraka ya kuifikisha maabara.

Mwaka 2010 wataalamu wa ukanda huu walichapisha mwongozo unaofungamanisha kila dalili na hatua yake: utabiri wa mvua, mafuriko, mbu, mimba kutoka. Naukubali, kwa sharti moja: fedha za chanjo zifunguliwe kwenye hatua ya utabiri, kabla mnyama wa kwanza hajatupa mimba.