Ufinyu wa Istilahi "Bawaba": Mtazamo kutoka Dzaleka

Kiswahili sanifu kwa kawaida hutumia neno bawaba. Kifaransa, lugha ya shule kwa Wakongo wengi walioko Dzaleka, hutofautisha "charnière", ambayo vibao vyake havitenganishwi, na "paumelle", inayoruhusu mlango kunyanyuliwa na kuondolewa. Tofauti hiyo si ya msamiati pekee. Aina ya pili ina ya kulia na ya kushoto. Fundi anayeagiza bawaba kutoka Lilongwe bila kubainisha huweza kuletewa isiyofaa mlango wake. Mfasiri wa mwongozo wa useremala anayeandika "bawaba" tu huuhamishia mzigo huo kwa mwanafunzi. "Bawaba ya kudumu" na "bawaba ya kuchomoa" zingefaa zaidi, ilimradi zipimwe kwanza karakanani, kisha zisanifiwe.