Lugha ya Rubani: Mapokezi ya Return of the Jedi na Miendelezo Yake Kitale na Bungoma

Wahakiki walioandika juu ya misururu ya sinema za angani wameyatazama mapokezi yake kwa jicho moja: kila mwendelezo utokapo, wapenzi wake huulizana kama umezitii sehemu zilizotangulia au umezisaliti. Swali hilo lina haki yake, na huko Marekani na Uingereza limezua magomvi yasiyokwisha. Lakini kwa mtazamaji wa Kitale au Bungoma lipo swali jingine linalotangulia hilo, nalo ni la lugha. Makala haya yanakusudia kulichunguza kwa kutumia mfano mmoja mdogo, yaani usemi wa mhusika Nien Nunb katika Return of the Jedi, sinema ya tatu ya Star Wars, iliyotolewa mwaka 1983.

Msomaji atakumbuka kwamba Nien Nunb ni rubani msaidizi wa Lando Calrissian katika chombo kiitwacho Millennium Falcon wakati wa shambulio la mwisho. Ni kiumbe mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyoning'inia. Asemacho ni Kikuyu. Sauti ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi nchini Marekani. Ben Burtt, msanifu wa sauti za sinema hizo, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha ambazo hadhira yake haikuzizoea: usemi wa Greedo na wa Jabba ulichotwa katika sauti za Kikechua cha Amerika Kusini, na ule wa viumbe waitwao Ewok katika Kikalmiki. Basi Kikuyu hakikuchaguliwa kwa sababu ya jambo kinachoweza kulisema. Kilichaguliwa kwa kudhaniwa kwamba hapana mtu ukumbini atakayekielewa.

Ushahidi umo ndani ya sinema yenyewe. Jabba anaponena, tafsiri huandikwa chini ya picha. Nien Nunb hapewi tafsiri ya neno hata moja; maana ya usemi wake twaikisia katika majibu ya Lando tu, na majibu hayo hayalingani na Kikuyu kilichosemwa. Lando hujibu habari za mitambo ya adui, hali mwenzake anasema mengine kabisa. (Wala si jambo dogo kwamba anayejifanya kuielewa lugha hiyo ya Kiafrika ni Billy Dee Williams, Mmarekani Mweusi.) Kwa mtazamaji wa ng'ambo huo ni mlio wa kupendeza. Kwa mtazamaji ajuaye Kikuyu ni sentensi, tena sentensi isiyo mahali pake, na hapo ndipo kicheko huzuka. Habari za kicheko hicho cha Wakenya zimesimuliwa mara nyingi, aghalabu kama kichekesho, au kama fahari kwamba lugha yetu nayo imefika angani. Fahari hiyo naielewa, ila nadhani imepokea nusu tu ya jambo.

Tuanze na Kitale. Mji huo ulikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi wa Kizungu. Wakikuyu walifika huko kama vibarua, na baada ya uhuru mwaka 1963 wengine walinunua ardhi kwa njia ya kampuni na vyama vya ushirika, wakawa majirani wa Wabukusu, Wasabaoti, Wanandi na Waturkana. Kwa hiyo katika soko la Kitale Kikuyu ni lugha ambayo mtu huisikia apende asipende. Bungoma mambo ni mengine, kwa kuwa huko Kibukusu ndicho kilichotawala. Hata hivyo Mbukusu naye si mgeni kamili wa usemi wa rubani huyu. Zote mbili ni lugha za Kibantu: penye mtu, Mbukusu husema omundu na Mkikuyu mũndũ, penye watu, babandu na andũ. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu kipande hicho bila ya kuwaambia neno, wa kwanza kucheka alikuwa kijana wa Kitale ambaye si Mkikuyu. Mwenzake wa Bungoma aliomba kirudiwe, akisema anayashika maneno nusu nusu na nusu hiyo inamkera. Jibu la pili ndilo linalonivutia zaidi. Mtu asiyejua lugha kabisa hutulia. Anayeijua nusu hulazimika kusikiliza.

Lakini katika sehemu hizo kusikiliza lugha ya jirani hakukuwa daima jambo la starehe. Katika machafuko ya mwaka 1991 na 1992, yaliyozikumba Trans Nzoia na Bungoma, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, lugha ya mama iliweza kumtia mtu hatarini, na katika Bonde la Ufa waliohesabiwa wageni waliitwa madoadoa. Aliyeyapitia hayo akiisikia lugha ileile kinywani mwa kiumbe wa sayari nyingine, ikiwa alama yenyewe ya ugeni wake, hawezi kuambiwa kuwa ni mzaha mtupu. Na hapohapo pana jambo ambalo hadhira ya ng'ambo haikuweza kuliona: jina Kipsang Rotich ni la Kikalenjini. Sauti ile ni ya mtu aliyekisema Kikuyu akiwa na jina la upande ambao Kitale imeuona ukitenganishwa na Wakikuyu kwa mishale na moto. Sijui kama msururu mzima una jambo la utu kuliko hilo, na halikukusudiwa na yeyote.

Yafaa tulinganishe na msururu mwingine, Star Trek. Katika kipindi chake cha kwanza kurushwa hewani, Septemba 1966, kiumbe mlaji chumvi hujigeuza sura ya mwanamume Mweusi na kumsemesha Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Humsemesha kwa Kiswahili. Huko kiumbe hutumia lugha ya Kiafrika ili aonekane mtu. Katika Return of the Jedi hupewa lugha ya Kiafrika ili asionekane mtu. Tofauti hiyo ni kubwa, na haiondolewi na ukweli kwamba ile ya kwanza ilikuwa hila ya kuwinda.

Mwendelezo wa mwaka 2015, The Force Awakens, ulimrudisha Nien Nunb pamoja na sauti ya Rotich, lakini Wakenya walikuwa wakimngoja Lupita Nyong'o, aliyekwisha kutunukiwa Oscar mwaka 2014. Waliongoja uso walipewa sauti, kwa kuwa alimwigiza Maz Kanata, kiumbe mdogo wa miwani mikubwa aliyechorwa kwa kompyuta, na asemaye Kiingereza. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya haki, ingawa yalichelewa kwa miaka 32: Rotich pia alikuwa amesikika bila ya kuonekana. Ajabu ni kwamba kati ya wawili hao, aliyekuwa maarufu ndiye ambaye lugha ya nyumbani haikuhitajiwa kwake.

Lipo pia suala la wasimulizi wa sinema kama DJ Afro, ambao masimulizi yao ya Kiswahili na Sheng yamewafanya wengi wasiojua Kiingereza wazifuate sinema za kigeni kwa raha. Kazi yao naistahi, na mwalimu wa Kiswahili hawezi kuidharau. Lakini msimulizi huzungumza juu ya sauti ya asili na kuifunika. Akiisimulia Return of the Jedi, mtazamaji wa Bungoma atamwelewa Lando barabara, na rubani aliye kando yake atasema Kiswahili kama watu wote chomboni. Kikuyu chake hakitasikika.