Pauni 500, nyimbo nne

Tarehe 28 Desemba 1976 vijana wanne wa bendi ya Buzzcocks waliingia studio ya Indigo, Manchester, wakitegemea pauni 500 walizokopa kwa ndugu na marafiki. Walirekodi nyimbo nne kwa saa chache na kuzichanganya siku hiyohiyo. Mwishoni mwa Januari santuri yao, Spiral Scratch, ikatoka kwa jina la kampuni waliyoibuni wenyewe, New Hormones. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha upesi. Wakaongeza, na mwishowe zikauzwa kama 16,000.

Punk ya Uingereza husimuliwa zaidi kwa nywele za miiba, na kwa kisa cha tarehe 1 Desemba 1976, Sex Pistols walipoporomosha matusi mubashara kwenye televisheni ya Thames. (Nafasi ile ilikuwa ya Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Queen walipojitoa, EMI, iliyokuwa na mkataba na bendi zote mbili, ikawapeleka Pistols.) Kisa ni kitamu, ila hakituelezi kazi yenyewe ilifanywaje. Pistols walipotimuliwa na EMI mwezi uliofuata walikwenda kubisha hodi kwa kampuni nyingine. Buzzcocks hawakubisha kwa mtu, ndiyo maana kwangu santuri yao ina uzito kuliko matusi yote yale.

Ufundi wake ulikuwa wa kupunguza. Roki ya miaka ile ilikuwa na nyimbo ndefu, vinanda vingi na gitaa la kujionyesha. Ramones wa New York, waliopiga London Julai 1976, walikuwa wameshaonyesha njia: mkono wa gitaa unashuka tu, haupandi, na wimbo unaisha baada ya dakika mbili. Buzzcocks wakazidi. Kwenye wimbo “Boredom”, pale msikilizaji anaposubiri gitaa lipae, anapewa noti mbili tu, zikirudiwa na kurudiwa. Ni kejeli, lakini ni hesabu pia. Wimbo usiodai mpigaji hodari hurekodiwa haraka, na studioni kila saa inalipiwa. Bajeti yao inasikika ndani ya sauti yenyewe. Kwenye jalada wakaandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi kabla ya kukubaliwa, kama fundi anayemwekea mteja risiti mezani.

Huku kwetu zipo bendi za magitaa makali. Nairobi kuna Crystal Axis, na walikuwepo Duma. Lakini ukifuata mbinu badala ya gitaa utafika Mburahati, Dar es Salaam, kwenye studio ya Sisso. Singeli haikuzaliwa na punk. Imetokana na mchiriku, taarabu na sherehe za vigodoro, na kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, wakati mwingine hukaribia 300. Prodyuza anachukua kipande cha wimbo wa zamani, anakizungusha kwenye kompyuta, anakikimbiza mpaka sauti zinakuwa nyembamba, kisha MC anapanda juu. Punk ilitupilia mbali noti, singeli inazibana zote zipite kwa mkupuo. Kasi ya punk ilikomea kwenye kifundo cha mkono wa mpigaji. Ya singeli haina mkono wa kuchoka, inakomea kwenye pumzi ya MC.

Tofauti kubwa iko kwenye usambazaji. Buzzcocks ilibidi walipie kiwanda cha santuri. Singeli ilitembea kwa simu na memori kadi, mtaa kwa mtaa, miaka mingi kabla ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017 na majukwaa ya Ulaya kufunguka.

Sasa, kwa mbinu hiyohiyo, mchukue kijana wa Rukuba, kisiwa cha wavuvi mbele ya Musoma. Kompyuta iliyotumika, maiki na umeme wa sola vinamtosha kuanza. Taarabu ya kukata vipande si ya kwao, lakini mkoa una litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na vifungu vifupi vinavyojirudia. Kwa kazi hii ni mali safi. Anachokosa ni uwanja. Juni 1976, miezi sita kabla ya kurekodi, waanzilishi wa Buzzcocks ndio waliowaandalia Sex Pistols onyesho Manchester. Walifika watu wachache mno, lakini miongoni mwao walikuwemo waliokuja kuunda Joy Division na The Fall. Athari ya punk mjini ule ilianzia kwenye chumba kile kuliko kwenye redio.

Rukuba uwanja unapatikana, ukijua kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hulala ufukweni na wavuvi wako nchi kavu. Siku hizo ndizo za kuleta spika mbili na genereta, si Jumamosi ya Dar es Salaam.